Amri moja, seva zote: Kabla Burgao haijaunganishwa, wafanyabiashara waulize nani anashika funguo

Kila mwaka siku za mwisho za Juni kuna kazi inayofanyika ambayo wafanyabiashara wengi wa mipakani hawaioni. Bajeti za nchi za Afrika Mashariki zimekwisha kusomwa bungeni, Gazeti la Serikali la Jumuiya limetoka na viwango vipya vya ushuru, na ifikapo Julai 1 vituo vya forodha vinatakiwa kutoza kwa viwango hivyo. Namanga, Busia, Malaba, Mutukula, Mombasa na Dar es Salaam havisubiri afisa apite na gari akibadilisha kompyuta moja baada ya nyingine. Mabadiliko huandaliwa na watu wachache walioko makao makuu, kisha hufika kwenye mifumo kwa njia ya mtandao.

Kwa Mbajuni anayefanya biashara Burgao, jambo hili bado liko mbali. Burgao ni mji mdogo wa bandari ulio kwenye hori, kati ya Kismayu na Ras Kiamboni, kusini kabisa mwa Somalia. Ramani za enzi ya ukoloni ziliuita Port Durnford. Kinachojulikana zaidi hapo ni samaki, kambakoche, na mashua zinazokwenda na kurudi kati ya visiwa vya Chula, Chovai na Koyama. Forodha ya kompyuta si habari ya kila siku.

Hata hivyo safari imeshaanza. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliikubali Somalia kuwa mwanachama Novemba 24, 2023 mjini Arusha. Mkataba ulitiwa saini Entebbe Desemba 15 mwaka huohuo, na hati za kuridhia zikawasilishwa Arusha Machi 4, 2024. Kuwa mwanachama ni jambo moja, na kuunganisha mifumo ya forodha ni jambo jingine linalochukua miaka. Lakini mwisho wa njia hiyo unajulikana: eneo moja la forodha, ambamo mzigo hutozwa mara moja na taarifa zake husomwa na nchi zote. Somalia nayo imekuwa ikijenga mfumo wake wa forodha wa kielektroniki, unaoitwa SOMCAS.

Suala la kuamua sasa, kabla nyaya hazijafika, ni hili: siku amri moja itakapotumwa kwenye seva zote kwa pamoja, nani ataituma, kwa utaratibu gani, na mfanyabiashara wa kituo kidogo atafanyaje ikiharibika?

Amri inavyosafiri

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Mfumo wa forodha wa nchi moja huwa na seva kadhaa: ya matamko ya mizigo, ya malipo, ya kuhifadhi nakala, ya kuwasiliana na benki na kampuni za simu, na nyingine zilizoko bandarini au mpakani. Zamani msimamizi wa mfumo aliziendea moja moja. Leo anakaa mahali pamoja, anaingia kwa njia ya siri iitwayo SSH, iliyobuniwa Finland mwaka 1995 na Tatu Ylönen, kisha anatumia programu kama Ansible, iliyotoka mwaka 2012, kutuma amri ileile kwa seva kumi, mia au elfu.

Anachohitaji ni vitu vitatu: orodha ya seva, ufunguo unaozifungua zote, na amri yenyewe. Baada ya dakika chache majibu hurudi. Seva hizi zimetekeleza, hizi zimekataa, hizi hazikujibu.

Faida yake kwa mfanyabiashara ni kubwa. Kama kiwango cha ushuru kimebadilishwa sawasawa kila mahali, mwenye mchele Kismayu na mwenye mchele Mombasa wanatozwa kwa kitabu kimoja. Afisa wa kituo hawezi kusema kwamba kwake bado ni bei ya zamani. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne, asilimia 0, 10, 25 na 35, na ile ya 35 ilianza kutumika Julai 1, 2022. Ngazi hizo zina maana pale tu ambapo kila dirisha la forodha linasoma tarakimu zilezile.

Tena pwani ya Burgao imeonja machungu ya biashara isiyo na kumbukumbu za kuaminika. Mwaka 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku mkaa wa Somalia kuuzwa nje. Ripoti za wachunguzi wa Umoja huo zilizofuata ziliitaja Burgao pamoja na Kismayu kuwa bandari zilizoendelea kupakia mkaa kwenda Ghuba, mara nyingi kwa vyeti bandia vilivyodai kwamba mzigo umetoka nchi nyingine. Mwenye samaki halali kwenye bandari yenye sifa hiyo ndiye anayefaidika zaidi na kumbukumbu ambazo haziwezi kuchezewa mezani kwa mtu mmoja.

Kosa la mkono mmoja

Lakini nguvu inayorekebisha vituo vyote kwa mara moja ndiyo inayoweza kuviangusha vyote kwa mara moja. Mifano iko wazi, na imezikuta kampuni tajiri kuliko idara yoyote ya forodha Afrika.

Februari 28, 2017, mtaalamu wa kampuni ya Amazon alikuwa akishughulikia mfumo wa malipo uliokuwa ukienda polepole katika vituo vyake vya Virginia, Marekani. Alikuwa na ruhusa, na alifuata mwongozo wa kazi. Amri aliyokusudia ilikuwa ya kuondoa seva chache. Aliandika neno moja vibaya, na seva nyingi zaidi zikaondolewa. Kwa takriban saa nne tovuti na programu nyingi duniani zilizohifadhi data zao hapo zilikwama. Baadaye kampuni ilieleza kwamba imeibadilisha programu hiyo ili iondoe seva polepole, na ikatae kabisa kushuka chini ya kiwango cha chini kinachohitajika.

Oktoba 4, 2021 ilikuwa zamu ya Facebook. Katika matengenezo ya kawaida ilitumwa amri ya kupima uwezo wa njia kuu za mtandao wake. Badala ya kupima, amri hiyo ilizikata njia zote. Ilikuwapo programu ya kukagua amri za namna hiyo kabla hazijapita, lakini nayo ilikuwa na hitilafu. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaikumbuka jioni ile kwa sababu WhatsApp ilinyamaza hadi baada ya usiku wa manane. Oda za samaki, picha za mzigo na makubaliano ya bei vyote vilisimama.

Somo la tukio hilo liko katika sehemu ya pili. Wataalamu hawakuweza kurekebisha kwa mbali, kwa kuwa njia ya kurekebishia ilikuwa ileile iliyokatwa. Ilibidi watu waende wenyewe kwenye majengo ya seva, na huko milango na mitambo ilikuwa na ulinzi mkali uliochelewesha kazi. Facebook ilikuwa na watu wa kuwatuma. Kituo cha forodha kilicho mbali na barabara nzuri, katika eneo ambalo usalama wa njia si wa uhakika, kinaweza kumsubiri fundi kwa siku kadhaa. Kambakoche hawezi kusubiri siku kadhaa.

Mwizi anayetumia funguo za nyumba

Hatari ya pili ni mtu mwenye nia mbaya kuzipata funguo. Juni 27, 2017 programu haribifu iliyopewa jina la NotPetya iliingia duniani kupitia programu ya hesabu na kodi iliyotumiwa na kampuni nyingi nchini Ukraine. Ilipoingia kwenye mtandao wa kampuni ilichukua majina ya siri ya wasimamizi, kisha ikajisambaza kwa kutumia, pamoja na mbinu nyingine, zana zilezile halali ambazo wasimamizi hutumia kutuma amri kwa kompyuta za mbali.

Kampuni ya meli ya Maersk, ambayo makontena yake yanajulikana Mombasa na Dar es Salaam, ilipigwa vibaya. Mwenyekiti wake alieleza mwaka uliofuata kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku 10. Hasara ilikadiriwa kati ya dola milioni 200 na 300 za Marekani. Kwenye baadhi ya bandari malori yalipanga foleni kwa sababu hakuna aliyejua kontena gani limo ndani ya lango.

Kilichoinusuru Maersk ni jambo ambalo mtu wa Burgao atalielewa mara moja. Seva zake zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zilifutwa kila mahali isipokuwa Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika na seva moja ikawa imezimwa wakati wa shambulio. Nakala hiyo moja ndiyo iliyotumika kuujenga upya mtandao mzima. Mfumo ambao kila nakala inapokea kila amri papo hapo hauna pa kukimbilia siku amri ikiwa mbaya. Nakala moja inapaswa kuwekwa kando kwa makusudi, isingojee bahati ya umeme kukatika.

Miaka minne baadaye, Julai 2021, mifumo ya shirika la Transnet la Afrika Kusini ilivamiwa. Bandari ya Durban na nyingine zikarudi kwenye kazi za mikono na karatasi. Mizigo ilichelewa, lakini palipokuwa na utaratibu wa karatasi haikusimama kabisa.

Seva ambayo haikujibu

Hatari ya tatu haina kishindo, nayo ndiyo itakayowagusa zaidi watu wa vituo vidogo. Ni yale majibu ya aina ya mwisho: seva hazikujibu.

Chukua mfano wa kituo ambacho jenereta yake imezimwa usiku wa Juni 30 kwa kukosa mafuta. Amri inatumwa, seva 40 zinatekeleza, moja haijibu. Msimamizi makao makuu anaona 40 zimekubali na anakwenda kulala. Asubuhi jenereta inawashwa, na kituo kinaendelea kutoza kwa viwango vya mwaka jana. Mwenye mzigo analipa, anapewa risiti, anavuka. Kituo kinachofuata kinasoma kiwango kipya, na anaambiwa amelipa pungufu. Karatasi anazo, kosa si lake, lakini gari lililoshikwa ni lake.

Au amri imefika kwenye seva ya ushuru lakini haikufika kwenye seva ya malipo. Pesa inakatwa kwenye simu, ila forodha haioni malipo. Kila mfanyabiashara wa mpakani anaijua hali hiyo: pesa imeondoka, mzigo haujaruhusiwa, na afisa anasema mtandao hausomi.

Somalia ina sababu ya pekee ya kulijali hili. Mwishoni mwa Juni 2017 meli moja ya mizigo iliukata kwa nanga waya wa chini ya bahari karibu na Mogadishu, na sehemu kubwa ya kusini na kati ya nchi ikakosa intaneti ya waya kwa zaidi ya wiki tatu. Mapema mwaka 2014 kundi la Al-Shabaab liliamuru intaneti ya simu izimwe kusini mwa nchi, na huduma ikazimwa. Kwa mazingira hayo, mfumo unaodhani kwamba kila kituo kiko hewani kila saa umejengwa kwa ajili ya mahali pengine.

Wataalamu wana majibu mawili yasiyo na gharama kubwa. La kwanza ni seva ya kituo kuifuata amri yenyewe: kila inapowashwa iulize makao makuu kama kuna jipya kabla haijaanza kutoza, badala ya kungoja kusukumiwa. La pili ni kuandika amri kwa namna ambayo kurudiwa kwake hakudhuru. Amri isemayo “ongeza asilimia 10” ikitumwa mara mbili kwa sababu majibu ya kwanza yalipotea, mfanyabiashara amepandishiwa mara mbili. Amri isemayo “ushuru wa bidhaa hii uwe asilimia 35” inaweza kutumwa mara 20 na matokeo yakabaki yaleyale.

Tarehe ndiyo kiini

Wengi wakisikia mifano ya Amazon na Facebook husema dawa ni kwenda hatua kwa hatua: tuma kwa kituo kimoja, ngoja, kisha vitano, kisha vyote. Ni ushauri mzuri kwa matengenezo ya kawaida. Kwa ushuru una kasoro. Busia ikianza kiwango kipya Jumatatu na Kismayu Alhamisi, mizigo itakimbilia kwenye kiwango nafuu, na waliofuata sheria watakuwa wamepata hasara.

Njia ya kutoka hapo ni kutenganisha kutuma na kuanza. Viwango vipya vitumwe siku 10 kabla, hatua kwa hatua, kituo kwa kituo, vikiwa na maelekezo kwamba visitumike hadi Julai 1. Ambacho hakikujibu kitajulikana wakati bado kuna muda wa kupeleka mafuta ya jenereta au kumtuma mtu na kifaa mkononi. Usiku wa Juni 30 hakutakuwa na amri ya kutuma. Saa itafika tu.

Kikwazo cha njia hii hakiko kwenye kompyuta. Kiko kwenye kalenda ya mawaziri. Gazeti la Jumuiya lenye viwango vipya limekuwa mara kwa mara likichapishwa siku za mwisho za Juni, mazungumzo ya nchi moja moja kuhusu misamaha yakiendelea hadi dakika hizo. Karatasi ikitoka Juni 30, mafundi hawana nafasi ya hatua kwa hatua. Watatuma kwa wote kwa pamoja na kuomba Mungu. Kwa vituo vyenye umeme na mafundi hilo limevumilika. Kwa kituo kama Burgao litakuwa ni kubahatisha kila mwaka.

Mogadishu, Kismayu na ufunguo

Lipo pia swali la siasa ambalo halikwepeki. Novemba 2024 utawala wa Jubaland ulitangaza kusitisha ushirikiano na serikali ya shirikisho, baada ya mvutano juu ya uchaguzi uliomrejesha Ahmed Madobe madarakani. Desemba mwaka huo majeshi ya pande hizo mbili yalipigana Ras Kiamboni, jirani kabisa na Burgao. Mpango wa Kenya na Somalia uliotangazwa Mei 2023 wa kufungua mipaka kwa awamu, ambao ulihusisha pia upande huo wa Lamu, nao uliahirishwa Julai mwaka huohuo baada ya mashambulizi ndani ya Kenya.

Katika hali hiyo, mwenye ufunguo wa seva ana uwezo ambao zamani ulihitaji askari. Akiwa mbali anaweza kukifungia kituo kisipokee matamko, au kukiondoa kwenye orodha ya vituo vinavyotambuliwa. Si lazima mtu awe na nia mbaya. Inatosha kusiwe na kanuni inayosema nani anaruhusiwa, na kila upande uamini kwamba mwenzake atafanya. Hapo ndipo kila upande hujenga mfumo wake, na mfanyabiashara akalipa mara mbili, jambo ambalo eneo moja la forodha lilikusudiwa kulimaliza.

Kanuni inayohitajika si ngumu kuiandika. Amri yoyote inayogusa vituo vyote au inayokifunga kituo ipitishwe na watu wawili kutoka ofisi mbili tofauti. Kumbukumbu ya kila amri, aliyeituma na saa aliyoituma, ihifadhiwe Mogadishu, Kismayu na Arusha, pasiwe na mmoja anayeweza kuifuta peke yake. Benki hazimruhusu mtu mmoja kufungua sanduku kuu la fedha, na hakuna anayesema zinamdharau.

La kudai sasa

Wafanyabiashara wadogo hawataandika programu za forodha, lakini wana sauti. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya ushuru inatambua kamati za kitaifa zinazopokea malalamiko. Mfumo unaosimama na kumwacha mwenye samaki bila njia ya kupita ni kikwazo kama kizuizi cha barabarani, na unafaa kuripotiwa hivyo.

Madai manne yanaweza kupelekwa mezani wakati Somalia inaoanisha sheria zake na za Jumuiya. Kwanza, viwango vipya vya ushuru vichapishwe mapema kiasi cha kufika vituo vyote kabla ya Julai 1. Pili, fomu ya karatasi yenye mhuri wa kituo itambuliwe na nchi zote pale mfumo unapokuwa umelala, na mwenye mzigo asitozwe faini wala malipo ya ucheleweshaji kwa saa hizo. Tayari Jumuiya ina utaratibu mwepesi kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, na ndiko pa kuanzia. Tatu, matengenezo yatangazwe siku kadhaa kabla, kwa Kiswahili na Kisomali, na baada yake itajwe orodha ya vituo ambavyo havikujibu. Nne, aliyelipa kwa kiwango alichosomewa na kituo asidaiwe tofauti kituo kinachofuata. Tofauti hiyo wamalizane maofisi wenyewe.

Wakati hayo yakisubiriwa, mwenye mzigo anaweza kujilinda kwa vitu vidogo: kudai risiti iliyochapishwa yenye saa na jina la kituo, kutunza ujumbe wa malipo wa simu hadi mzigo uuzwe, na kuepuka kuvusha bidhaa inayoharibika haraka Juni 30 na Julai 1, siku ambazo mifumo hubadilishwa.

Mafundi watafika Burgao siku moja na seva zao, na bila shaka watapokewa vizuri. Kanuni za nani anatuma amri na nani anabeba hasara zinapaswa kuwa zimefika kabla yao.